Wazee Wawili, Tarehe Moja ya Kuzaliwa

Kwenye karatasi za kambi yetu, wazee wengi walizaliwa tarehe 1 Januari. Wageni wakiona hucheka, wanadhani kwetu Kongo watoto wote huzaliwa siku ya mwaka mpya. Sababu yenyewe ni rahisi. Mtu anafika hajui siku yake ya kuzaliwa, mwandikishaji anamuuliza mwaka, wanakadiria pamoja, halafu siku na mwezi vinajazwa 1/1, basi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa kambini, mkoani Kigoma. Natembea bloku kwa bloku. Kati ya nyumba zangu zipo mbili ambazo wenyewe wana tarehe moja kabisa: 1/1/1958. Ya kwanza ni ya bibi mmoja wa upande wa Fizi. Ya pili ni ya mzee tunayemwita Mwalimu, mtu wa Bukavu. Kwa karatasi hao ni marika. Lakini ukiwaona wamekaa pamoja utasema bibi ni mama yake Mwalimu.

Bibi mgongo umepinda, anatembea kwa kushika ukuta. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kikohozi ambacho kimeshapimwa kifua kikuu mara mbili na si kifua kikuu. Meno yamebaki manne. Mwalimu ana presha, anakunywa dawa, anavaa miwani, na kila asubuhi anatembea hadi kanisani na kurudi bila fimbo. Wote wawili wanakula mgao uleule: unga wa mahindi, njegere, mafuta, chumvi. Wote wanapanga foleni kwenye kliniki ileile.

Nikiuliza watu kwa nini Bibi yuko vile, jibu ni moja: "Ni uzee tu." Uzee tu! Kwani Mwalimu yeye si mzee?

Nimekaa na Bibi siku nyingi, na yeye anapenda kusimulia. Mwaka 1964, vita vya Simba vilipofika kwao Fizi, alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Mama yake alimficha porini pamoja na wadogo zake. "Tulikula bila kupika," ananiambia, "moshi ungetusema." Wadogo zake wawili hawakutoka kule porini. Vita vilipotulia hakupelekwa shule, maana karo ilitosha kwa kaka yake tu. Aliolewa na miaka kumi na tano. Akazaa mara tisa, watoto watano wakabaki. Kati ya mimba na mimba alibeba: mihogo kutoka shamba, kuni, maji, na mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Alipika kwa mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka zaidi ya thelathini. Siku moja nilimuuliza alianza lini kuzeeka. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu: "Mwanangu, mimi nilizeeka mbele ya kumaliza kuzaa."

Mwalimu naye ana historia yake. Baba yake alikuwa karani. Nyumbani kwao kulikuwa na mshahara, maziwa, na chandarua. Alisoma kwa mapadri, akafundisha. Zama za Mobutu mshahara wa mwalimu ulichelewa hata miezi, nalo hilo alilipata kama wenzake. Ila kazi yake ilikuwa chaki, si mzigo. Mwaka 1996 vita viliwatoa wote wawili, wakavuka Tanganyika. Walifika huku wakiwa na umri uleule na mikono mitupu ileile. Lakini miili waliyofika nayo haikuwa sawa.

Sasa nieleze mambo ya afya kwa kifupi, kama tulivyofundishwa na kama ninavyoyaona majumbani. Mfupa wa binadamu unajengwa utotoni na ujanani, hadi karibu miaka thelathini. Baada ya hapo mtu anatumia akiba. Aliyelala njaa utotoni, akazaa mfululizo na kunyonyesha huku hali vizuri, anaingia uzeeni na akiba ndogo. Moshi wa kuni unaharibu mapafu polepole, na unahusishwa pia na mtoto wa jicho. Kwa hiyo kile kikohozi cha Bibi hakikuanzia kambini. Kilianzia jikoni kwake, yeye akiwa msichana.

Kuna na jambo la kusoma. Mwalimu akipewa bahasha ya dawa imeandikwa 1x2, anajua. Akiona dawa imebadilishwa, anauliza kwa nini, na anajibiwa, kwa sababu anauliza kama mtu aliyezoea kujibiwa. Bibi anafunga vidonge vyake kwenye pembe za kitambaa, fundo moja vya asubuhi, fundo jingine vya jioni. Vikichanganyika ananisubiri mimi. Kliniki ni moja, lakini wanavyoitumia ni tofauti.

Hilo si letu sisi wakimbizi peke yetu. Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi serikalini mjini London. Hakuna aliyekuwa na njaa pale, wote walikuwa na ajira, na matibabu ya serikali yalikuwa bure. Hata hivyo wa vyeo vya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kama mara tatu kuliko wa vyeo vya juu. Na haikuwa maskini upande mmoja na tajiri upande mwingine. Ilikuwa kama ngazi: kila cheo na afya yake. Tangu niliposoma habari hiyo sishangai tena kwamba foleni moja haileti afya moja.

Habari nyingine ni ya Uholanzi. Mwishoni mwa 1944 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisifike magharibi mwa nchi ile. Mgao wa mtu mjini ukashuka chini ya kilokalori 1,000 kwa siku. Sisi tunajua hesabu hizo: mgao kamili wa kambi hupangwa kwa kilokalori 2,100. Mei 1945 vita viliisha, chakula kikarudi, nchi ikatajirika. Lakini watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ile walipopimwa wakiwa na miaka kama hamsini, sukari na maradhi ya moyo yalionekana zaidi kwa waliokuwa tumboni kwenye miezi ile mibaya. Njaa iliisha kwa miezi michache. Mwili haukuisahau kwa miaka hamsini.

Najua kuna watakaonibishia. Barazani wazee husema: babu zetu walikula sombe na samaki, walibeba mizigo, na waliishi miaka tisini. Ni kweli wapo walioishi. Ila tunawahesabu waliofika. Wale wadogo zake Bibi waliobaki porini hawako barazani kutoa ushahidi. Mama aliyekufa akijifungua mtoto wa saba hatumtaji tunaposifu nguvu za wa zamani.

Basi ninayotaka kusema kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima, ni haya. Fomu nyingi za misaada humhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Namba hiyo ni rahisi kuijaza, lakini huwa inafika imechelewa. Kwenye bloku zangu nina akina mama wa miaka hamsini na mbili wenye magoti na mapafu ya watu wa sabini. Kwa fomu wao bado ni watu wa nguvu, wanaweza kubeba mgao wao wenyewe. Pamoja na kuuliza umri, tungeuliza maswali mengine matatu: Umezaa mara ngapi? Ulifanya kazi gani miaka yako yote? Unaweza kusoma karatasi ya dawa? Majibu yake yananionyesha hali ya mtu kuliko ile 1/1.

Jambo la pili ni tepu ya kupima mkono, ile ya rangi tatu. Kila mama hapa anaijua, maana inampima mtoto wa miezi 6 hadi 59. Tepu za watu wazima nazo zipo. Mzee anayekula nusu ili wajukuu washibe, na wapo wengi, anakonda ndani ya kitenge na hakuna anayemuona. Kumpima ni dakika moja.

Kwetu sisi wakaaji, lawama ya kugawana pia ipo, na hii tusiwasukumie wageni. Nikipita asubuhi nakuta msichana wa miaka kumi na tatu yuko bombani na madumu mawili ya lita ishirini, na kaka yake ameshaenda shule. Jikoni ni yeye, kuni ni yeye. Tukimuuliza mama yake anasema, "Hata mimi nililelewa hivyo." Ndiyo, mama, na mgongo wako unauma kila usiku, umeniambia mwenyewe.

Hesabu hii inanisumbua. Watoto wa kwanza waliozaliwa huku baada ya 1996 sasa ndio wanaofika miaka thelathini, au wanaikaribia. Kama ni mfupa, umeshajengwa, na umejengwa kwa mgao. Wamekua bila ruhusa ya kwenda kulima au kufanya kazi nje ya kambi. Mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu, na wapo waliokuwa na mimba wakati huo. Watoto wale sasa wanakimbia kwenye vumbi letu, wanaonekana wazima, na Mungu awalinde. Ila habari ya Uholanzi inanifundisha kwamba tusihesabu bado.

Siku hizi mtu akiniambia Bibi anaumwa uzee, namjibu hivi: uzee ni miaka tu, na hiyo Mwalimu anayo sawasawa na yeye. Kilichomwinamisha Bibi kina majina: njaa ya 1964, karo iliyotosha mtoto mmoja, ndoa ya mapema, mimba tisa, moshi, mizigo. Ya 1964 hatuwezi kuyarudisha. Lakini madumu yale mawili yako bombani leo, na kaka yake ana mikono.