Nunua Bunduki, Usinunue Hadithi

Sijawahi kushika bunduki. Hapa kwetu ukipatikana nayo bila leseni, utajieleza mbele ya hakimu. Lakini kwa miaka miwili sasa, bunduki ndizo zimenilipia kodi ya nyumba.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipogoma kupatikana. Nikaanza kuandika chochote chenye malipo: matangazo ya magodoro, insha za watu wavivu, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambazo mimi mwenyewe nisingepata. Kwenye wasifu wangu niliandika kwamba nimehitimu. Nani angeuliza?

Kisha nikapata mteja Marekani anayeuza bunduki za kale za kijeshi. Anatuma picha, mimi natunga maelezo ya mauzo. Mwanzoni sikuelewa kitu. Kazi ya kwanza ilikuwa Mauser ya 1871, ile ya kupakia risasi moja moja, ambayo baruti yake hutoa moshi mweupe unaomwonyesha adui ulipojificha. Kitako chake kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Nikaandika, "inahitaji kusafishwa kidogo." Jamaa alinijibu papo hapo: weusi huo ndio bei.

Nikajifunza. Weusi ule ni mafuta, vumbi na jasho la mikono ya watu waliokwishakufa. Ukipiga mbao msasa na kupaka vanishi, unafuta mihuri ya wakaguzi wa kiwanda, na mnunuzi anaondoka. Halafu kuna nambari. Kwenye Lee-Enfield ya Waingereza, nambari ile ile inatakiwa iwe kwenye mtutu, kwenye bolti, mpaka kwenye chuma cha mdomoni. Zikilingana zote, bei inapanda. Moja ikitofautiana, ujue kuna kipuri kilibadilishwa njiani.

Baada ya vita kuu zote mbili, majeshi yaliuza bunduki nyingi kwa bei ya kutupa. Wawindaji wakazinunua, wakakata mbao, wakafupisha mitutu. Ndiyo maana ile ambayo haikuguswa na mtu inatafutwa hivyo. Na wakusanyaji wana msemo wao: nunua bunduki, usinunue hadithi. Kila muuzaji ana hadithi. Chuma ndicho kina ushahidi.

Mwaka jana mteja akanitumia picha za Lee-Enfield moja safi sana. Nambari zote zinalingana. Kwenye kitako kuna kisahani cha shaba, na juu yake herufi tatu: K.A.R. King's African Rifles. Akaniandikia, "Wewe ni Mkenya. Nitungie historia. Sema ilipigana Salaita. Nitakulipa mara tatu."

Salaita naijua. Ni kilima kidogo kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, nimekipita utotoni nikiwa nimebanwa katikati ya magunia kwenye matatu. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Uingereza, wengi wao wa kutoka Afrika Kusini, walijaribu kuwafurusha Wajerumani pale wakarudishwa mbio. K.A.R. walipigana mwezi uliofuata, mbele zaidi, kwenye vilima vya Latema na Reata. Kwa hiyo hata uongo wenyewe ulikuwa na kasoro. Lakini kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili, na tokeni za stima zilikuwa zinahesabu pumzi za mwisho.

Nikaandika. Na kwa sababu nilihitaji mtu wa kuishika hiyo bunduki, nikamchukua baba yake nyanya yangu. Tangu utotoni nilisikia kwamba "alienda vita vya Wajerumani." Nikamvika sare, nikampa Lee-Enfield, nikamlaza nyuma ya jiwe akilenga shabaha. Ilikuwa stori tamu. Nilipomaliza nikampigia nyanya simu Mwatate, nipate kitu kimoja cha kweli cha kuongezea.

"Shikamoo nyanya. Baba yako alikuwa na bunduki gani vitani?"

"Marahaba. Bunduki?" Akacheka. "Nani alikwambia alikuwa na bunduki? Baba alibeba unga, mjukuu wangu. Unga na masanduku ya risasi za wengine. Alirudi na bega moja liko chini, akaenda nalo hivyo mpaka kaburini. Na yeye alirudi. Kaka yake alikufa kwa kuhara huko, hatujui wapi."

Akaniambia walivishwa kibati chenye nambari shingoni. Cha baba yake kilikuwepo nyumbani hadi alipokuwa msichana, kisha kikapotea.

Nikakaa na simu mkononi. Wabebaji wa vita vile walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nairobi walituachia jina la mtaa, Kariakor, kutokana na Carrier Corps. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba, na mmoja wao ni mbebaji. Maandishi chini yake yanaahidi kwamba wana watakumbuka jina lako. Jina lenyewe halipo hata moja. Na mimi, mjukuu wa kike wa nani sijui, nilikuwa nimempiga mzee wetu msasa na kumpaka vanishi.

Nilifuta yote. Nikamtumia mteja nilichokiona kwenye picha: nambari, mihuri, kisahani, kovu la mbao upande wa kushoto. Akalipa bei ya kawaida, na tangu hapo kazi zake zimepungua. Landilodi nilimlipa kwa mkopo wa simu. Usiku huo nilirekebisha wasifu wangu pia: alisoma chuo miaka miwili na nusu.

Wiki iliyofuata nyanya alinipigia mwenyewe.

"Ile bunduki iliuzwa pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Na kile kibati," akauliza, "kingeuzwa?"