Mita Hamsini za Nyuma ya Nyumba

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi tumepata viwanja pembezoni mwa mji, na karibu kila mwenye kiwanja ana mpango wa kuku. Mimi pia ninao. Wiki hizi nimekuwa nikichora banda na uwanja wa kuku ishirini, na kazi hiyo ndogo imenirudisha kwenye maswali ambayo darasani huwa tunayauliza kuhusu dola: nani anapimiwa nafasi, nani anampimia, na nani anabeba gharama isiyoonekana kwenye mchoro.

Kuku wa mtumishi wana historia yao ya kisiasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Ilipofika miaka ya themanini, mshahara mmoja haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi, na nyuma ya nyumba za watumishi, wahadhiri wakiwamo, yakaota mabanda. Yaliitwa miradi. Aili Mari Tripp aliandika juu ya maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, lilihalalisha kilichokuwa kikiwika uani kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtumishi anapochora banda, anachora pia pengo lililopo kati ya mshahara wake na mahitaji yake. Kishawishi chake ni kuanza na fedha anazozitaka, kuzigeuza kuwa idadi ya kuku, kisha kuwatafutia kuku hao pa kujibana.

Baada ya nyumba, tangi la maji na shimo la maji taka, nimebakiwa na eneo la mita 6 kwa 9. Fundi alilipima kwa hatua, akaniambia, "Mwalimu, tukiezeka pote hapa wanaingia mia mbili bila shida." Hesabu yake si ya uongo. Wafugaji wa kuku wa mayai huweka wanne au watano katika mita moja ya mraba, na banda likajaa bila sheria yoyote kuvunjwa. Neno lililonisumbua ni hilo la kuingia. Msomaji aliyepitia vyuo vyetu analijua vizuri, kwa maana amewahi kubebana: chumba kimejengwa kwa ajili ya wawili, wanalala wanne, na kwenye takwimu za udahili wote wanne wanahesabiwa kuwa wana elimu ya juu. Tunadahili kwanza, bweni tutalifikiria baadaye.

Wenzetu wa Ulaya walilijadili jambo hili kwa kuku hadi bungeni. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 liliweka kima cha chini cha sentimita za mraba 550 kwa kila kuku katika kizimba cha kawaida, likaamuru vizimba vya namna hiyo vikome kufikia mwaka 2012. Chukua karatasi ya A4, hii tunayoandikia madokezo ofisini. Ina takribani sentimita za mraba 624. Kuku aliishi maisha yake yote juu ya eneo dogo kuliko dokezo, na kwa miaka mingi jambo hilo liliitwa ufanisi.

Nikaanza upande wa pili, yaani kutoka kwenye eneo kwenda kwenye idadi. Banda la kulala litakuwa mita 3 kwa 2, ambalo kwa kuku ishirini linatoa wastani wa watatu na kidogo kwa mita moja. Kila kuku huhitaji takribani sentimita 20 za kichanja, basi fito mbili za mita 2 zinatosha. Zitawekwa kwa urefu mmoja kutoka chini, kwa sababu kuku hugombea fito ya juu kama wanasiasa wanavyogombea viti vya mbele. Viota vinne, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, vitakaa kwenye kona yenye kiza, chini ya usawa wa fito ili wasigeuze viota kuwa vitanda. Uwanja wa kuchakura utakuwa mita 4 kwa 8, umegawanywa mara mbili kwa wavu. Upande mmoja utapumzika huku mwingine ukitumika, na masika yakija nitapanda mchicha kwenye ule uliopumzika. Kiangazi cha hapa hakiachi jani, lakini vumbi la kuogea halitakosekana.

Pande fupi za banda zitaelekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lisipige ndani. Nusu ya juu ya kuta ndefu itakuwa wavu, kwani joto na mvuke wa kinyesi huua kuku polepole kuliko kicheche, lakini huwaua.

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuliweka. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki. Desturi ni kulisukuma banda hadi ukuta wa magharibi, mbali na dirisha la mwenye nyumba, na kumwachia jirani harufu. Mchoro wa namna hiyo unaweza kupata muhuri wa ofisi yoyote. Mimi nimeliweka mashariki ya jiko letu. Anayekula mayai na awe wa kwanza kunusa, na matandiko yasipobadilishwa, atajua kabla jirani hajabisha hodi.

Mke wangu alipoutazama mchoro aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, nani atafagia?" Nikaona nilikuwa nikimjadili kuku na jirani, ilhali yeye na dada anayetusaidia kazi za nyumbani hawamo kwenye mchoro. Wahisani na wizara huandika "nguvukazi ya familia" na kuweka sifuri kwenye safu ya gharama. Tumekubaliana kuwa paa lianzie mita 2 upande wa chini, ili anayesafisha asimame wima. Kufagia ni zamu yangu Jumamosi na Jumatano. Dada akifagia siku nyingine, analipwa juu ya mshahara wake. Fedha za mayai anazishika mke wangu. Gharama ya mabati imepanda kwa sababu ya urefu huo, na kuku wa mwanzo watakuwa kumi na wawili badala ya ishirini.

Limebaki la kideri, ambacho hakijui mpaka wa kiwanja. Jirani wa magharibi ana kuku watano wanaozurura, na kuchanja wangu peke yao ni kujidanganya. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu au minne, na chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wetu wote wawili. Ameniambia kwamba mama wa nyumba ya tatu naye anao wanane. Tutanunua chupa moja, tuwachanje jioni moja wakiwa kwenye vichanja, na kila nyumba itachangia kwa idadi ya kuku wake.