Kitabu kipi cha moyo kinamjibu mayu?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, wengine mkadhani nimedisco. Bado nipo! Nilikuwa nyumbani Mwamapalala, na leo sina stori za pamba wala za mabasi. Nina stori ya vitabu.

Mdogo wangu wa kike yuko darasa la sita. Likizo hii nilimwona anatoka kisimani na ndoo, akaitua mara mbili njiani ili ahemee. Mwaka jana alipimwa eko, wakakuta mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Wakasema ni homa ya rumatiki, ilianzia kwenye koo. Akaandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne.

Jioni mayu akaniuliza: "Wewe si unasoma baiolojia huko chuo? Hebu nieleze, koo na moyo vinahusiana nini? Na mbona mtoto anachomwa miezi yote hii na bado anahema?"

Nikajiumauma. Mwaka wa tatu wa ualimu, baiolojia na kemia, nimepiga msuli wa kutosha, lakini jibu sina. Halafu nikagundua kwamba sindano mbili za mwisho hawakwenda kabisa, eti hazisaidii. Hapo nikaogopa kweli.

Niliporudi chuo nikaingia maktaba na swali la mayu mkononi. Kila kitabu nikakipima kwa hilo hilo.

Cha kwanza kilikuwa kile kinene cha fiziolojia cha Guyton, ambacho watu wa udaktari wanatembea nacho kama Biblia. Kilitoka mara ya kwanza 1956. Guyton alikuwa anasomea upasuaji, akapata polio 1946 ikamlemaza, akahamia fiziolojia, na matoleo 8 ya mwanzo aliyaandika peke yake. Labda ndiyo maana kinasomeka kama mwalimu mmoja anayekufundisha hatua kwa hatua. Kinakwambia moyo unasukuma kama mililita 70 kwa pigo, mapigo 70 hivi kwa dakika, yaani karibu lita 5. Nikapiga hesabu: ndoo ya lita 20 kwa dakika 4 tu! Mtoto anahangaika na ndoo moja, kumbe moyo wake unabeba ndoo mchana na usiku.

Na swali la koo? Nilidhani kitabu cha fiziolojia kitalikwepa, kumbe limo. Bakteria wa koo wanaamsha kingamwili, na kingamwili zile, wiki chache baadaye, zinashambulia hata nyama ya moyo kwa kuwa zinaifananisha na adui. Mlango unaoumia zaidi ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, kwa sababu ndio unaopata misukosuko mikubwa kila moyo unapopiga. Maksi zote hapo. Ila ukiuliza "sasa nifanye nini na mtoto huyu?", jibu utalitafuta kwingine. Si kosa lake, siyo kazi yake.

Cha pili, Braunwald, kitabu cha magonjwa ya moyo chenyewe, toleo la kwanza 1980. Jamani, uzito wake peke yake ni mazoezi! Homa ya rumatiki ina nafasi yake, imeelezwa vizuri. Lakini mishipa inayolisha moyo inapewa sura baada ya sura, na matibabu mengi yanadai mashine na mabingwa. Sisi tunao pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tangu 2015, ila kutoka Itilima hadi Dar siyo mwendo wa kwenda na kurudi siku moja. Ni kizuri kwa daktari bingwa. Mimi nilizama.

Cha tatu kilinifundisha kuangalia mwaka. Kilikuwa cha msaada, cha miaka ya themanini, kimechakaa. Kinakataza kabisa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma asipewe beta bloka. Leo dawa hizo ni kati ya nguzo za tiba ya moyo wa namna hiyo, hasa baada ya tafiti kubwa zilizotoka 1999. Maelezo yake ya jinsi moyo unavyopiga yako sawa, lakini dawa zake zimepitwa. Kwa hiyo wadau, fiziolojia ya zamani unaweza kuisoma kwa tahadhari, ila tiba ya zamani usiiguse. Tazama toleo kabla hujatoa nakala!

Cha nne ni Principles of Medicine in Africa, alichokianzisha Eldryd Parry, toleo la kwanza 1976, la nne 2013. Humu ugonjwa unaelezwa pamoja na nyumba, umaskini na umbali wa zahanati. Hapa mgonjwa alikuwa mtu wa kwetu.

Nikampigia mayu. Nikamwambia kingamwili ni kama mbwa wa boma: anamfukuza fisi usiku, akirudi na hasira anang'ata ndama wetu. Na mlango wa moyo ni kama mlango wa zizi. Usipofungika, ng'ombe wanarudi nyuma, damu inarundikana kuelekea mapafuni, mtoto anahema. Sindano haitengenezi mlango. Inamzuia fisi asirudi kooni, mbwa asiamke tena.

Mayu akakaa kimya. Halafu akasema: "Kumbe sindano ni ya koo. Mbona hakuna aliyetuambia hivyo?"

Jumatatu alimpeleka. Wamechoma, na wamempa tarehe ya kurudia eko kwa sababu ya ile pumzi. Nauli tunachanga, bumu langu nalo limo humo.

Mwezi ujao naenda field, kidato cha pili, mada ya usafirishaji. Nondo ninazo. Nitaanza na ndoo. Na wewe ukiwa na mdogo wako anayeumwa koo na homa, usimwambie atapoa tu. Mpeleke.

Baadaye wadau.