Mchezo Uliobuniwa na Mwalimu

Wenzangu wa elimu, TP inakaribia, na wote tunajua kipindi cha michezo huwa kinaishia wapi: kusahihisha madaftari, au kufidia Hisabati. Naomba nikitetee kwa mfano mmoja tu, mpira wa kikapu.

Wengi wanadhani kikapu ni mchezo wa Wamarekani warefu wenye hela. Kumbe ulianza kama kazi ya mwalimu aliyebanwa. Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani, mwalimu wa michezo kutoka Kanada, James Naismith, alikuwa na darasa la wanafunzi 18 lililokwisha kuwashinda waliomtangulia. Nje baridi kali, ndani vijana wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Mkuu wake akampa wiki mbili abuni mchezo wa kucheza ndani. Akamwomba mtunza jengo maboksi mawili, akaletewa matenga mawili ya mapichi. Akayapigilia kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini, kimo kilekile cha leo, yaani mita 3.05. Mpira wenyewe ulikuwa wa miguu.

Sheria zilikuwa 13, na ukizisoma kwa jicho la mwalimu utaona ni andalio la somo. Huruhusiwi kukimbia na mpira, maana anayekimbia nao lazima adakwe, na hapo ndipo ngumi huanzia. Goli liko juu ya vichwa, kwa hiyo nguvu haisaidii. Unaurusha taratibu kwa shabaha. Kusukumana marufuku. Darasa korofi halikuchapwa, lilitungiwa sheria.

Mimi TP yangu ya mwaka jana niliifanya nyumbani, Marangu. Anayekufahamu kwetu anajua shida ya ardhi tambarare. Kila kipande kina kihamba cha mtu, na uwanja wa mpira wa miguu wa mita 100 labda uuchonge mlimani. Pale shuleni vijana walicheza kwenye kauwanja kalikoinama, mpira ukitoka unaufuata kwenye migomba ya watu. Kikapu kinataka mita 28 kwa 15, na hata nusu ya hapo mnacheza. Basi tukachukua tenga, tukalitoa kitako, tukalifunga kwenye mgrevilia.

Kidato cha pili kulikuwa na binti mrefu kuliko wote. Walimwita Twiga. Alikaa nyuma, mabega ameyakunja kama anayeomba radhi kwa kimo chake. Ijumaa ya tatu timu zilikuwa zinagombania awe upande wao, na jina la Twiga wakawa wanalitamka kwa heshima. Ijumaa ya tano kipindi kikapewa Hisabati, eti mtihani wa taifa umekaribia. Uamuzi ulishapita, mimi mwalimu wa TP ningesema nini?

Naelewa, shule inapimwa kwa matokeo. Ila fikiria hili. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika NBA, nyuma ya Blake Griffin, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza na miaka hiyohiyo, akitokea mpira wa mikono. 1984 alichaguliwa wa kwanza, mbele ya Michael Jordan. Miaka 15, jamani, ndiyo umri wa kidato cha pili na cha tatu.

Sisemi yule binti angefika NBA. Nasema alinyoosha mabega, na hicho hakiandikwi kwenye cheti chochote.

Kwa hiyo ukiripoti kituoni, omba ratiba, kitafute kipindi cha michezo. Kiandalie somo kama unavyoandaa Jiografia, na msimamizi wako akija, mwombe akukague nacho. Mipira ikikosekana, tenga halikosekani.