Picha za Tembo si Mchezo wa Wenye Mali

Ndugu msomaji, labda utacheka ukisikia kwamba mkulima kama mimi nilikwenda kujifunza kupiga picha za wanyama, siku tatu, karibu na Ziwa Manyara. "Picha zitalinda mahindi?" aliniuliza mama watoto. Swali lake ni la haki, maana tembo wakiingia shambani usiku mmoja, jasho la mwaka mzima limekwisha.

Basi sikiliza. Mwalimu alitufundisha kuamka kabla ya jua, kwani mwanga wa asubuhi ni mpole, na ule wa adhuhuri huharibu picha. Alitufundisha kungoja. Kisha akatuonyesha jambo kubwa: masikio ya tembo. Mipasuko, matundu na mishipa yake hutofautiana kwa kila tembo. Kwa picha za namna hiyo Bwana Iain Douglas-Hamilton, kuanzia mwaka 1965, aliwatambua mamia ya tembo wa Manyara mmoja mmoja.

Sisi husema, "Tembo wametumaliza," tukawachukia wote. Kumbe mara nyingi wezi wa mashamba ni madume wachache waliokwisha zoea. Ukipata picha ya mwenye sikio lililopasuka, alfajiri anapoondoka, askari wa wanyamapori watajua wamtafute nani.

Lakini angalia, ndugu yangu: piga ukiwa mbali. Tembo akikukabili na kutanua masikio, rudi nyuma polepole, uiache picha. Watoto wako wanamhitaji baba, si picha aliyoifia.