Kupima Utafiti wa Mwalimu Mkuu

Walimu wakuu wengi siku hizi huandika utafiti tendaji, yaani mtu huichunguza kazi yake mwenyewe: hutazama taabu ya shule yake, hujaribu dawa, hupima, kisha hurekebisha na kujaribu tena. Jina hilo lilienezwa na Kurt Lewin, mtaalamu Mjerumani aliyehamia Marekani, kwa makala yake ya mwaka 1946. Mwaka mmoja tuliitwa pamoja na wenzetu watatu kuzisoma kazi za namna hiyo na kuzipa alama, nasi twaungama ya kuwa tulikosa.

Kazi moja ilipigwa chapa vizuri, yenye michoro ya rangi. Mwenyewe alianzisha uji wa mtama mwezi wa Julai. Februari madarasa yalikuwa nusu matupu, Julai yakajaa. Akawauliza walimu wake kama uji umefaa, nao wote wakajibu, Ndiyo. Tukampa alama za juu.

Nyingine iliandikwa kwa mkono katika daftari la mistari. Mwalimu mkuu huyu aliona wasichana wachelewa, akadhani ni uvivu, akaamuru kengele ipigwe mapema. Wakazidi kuchelewa. Ndipo alipotoka alfajiri kuwafuata njiani, akawakuta kisimani, wamepanga ndoo safu ndefu. Basi akaihamisha hesabu kutoka kipindi cha kwanza hata cha tatu, akapima tena baada ya majuma sita. Wasichana wanne hawakupata nafuu yo yote, naye akaandika habari zao pia. Sisi tukasema kazi hii haina matokeo, tukaiweka ya mwisho.

Haukupita muda, shule za jirani zikaufuata ule uji. Hata kwetu mkutano wa wazazi uliitishwa, kila nyumba itoe debe la mtama, na mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Bibi mmoja akasimama akasema, “Mwanangu mwalimu, Februari tunapalilia, mtoto yuko shambani. Julai tumekwisha vuna, hana kazi. Huo uji ndio uliomtoa shambani?”

Tulinyamaza. Sisi tuliozaliwa Ugogo, tujuao ya kuwa mvua yetu ni moja tu, ya Desemba hata Aprili, hatukuliona hilo! Tukaomba daftari la mahudhurio la shule ile, tukatazama Julai ya mwaka uliotangulia, kabla ya uji: watoto walikuwa karibu sawasawa. Hatusemi uji ni mbaya, kwa maana mwenye njaa hasomi. Twasema haukuthibitishwa, na debe la mtama mwaka wa njaa si kitu kidogo.

Kongwa si mbali nasi. Mwaka ule ule wa 1946 walikuja mabwana watatu kutoka Uingereza, wakaitazama nchi kwa majuma tisa, mara nyingi wakiwa katika ndege, wakapendekeza karanga zilimwe katika eka zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza 1947. Mvua zikapungua, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Taarifa yao nayo ilisomeka vizuri.

Sasa tupewapo kazi ya mwalimu mkuu, kwanza twatafuta mahali aliposhindwa, tusipopaona, twashuku. Twauliza amelinganisha mwezi gani na mwezi gani. Zaidi ya yote twauliza ni nani aliyemjibu, kwa maana mwalimu aandikiwaye ripoti ya kazi yake na mkuu wake, atamwambiaje kuwa dawa yake haikufaa? Afadhali aulize mtu mwingine, na majibu yasiwe na majina.

Yule wa daftari tulimwandikia barua ya kumwomba radhi. Alijibu ya kuwa wale wanne sasa wamebaki wawili, lakini kisima kimekauka, wasichana wanakwenda mbali zaidi, naye anaanza kupima upya.