Katapila Lililosema Lina Homa

Wengi wenu mlisikia ile habari ya katapila la mtaro wa maji, na wengi mlisikia nusu yake. Sisi walimu wa kujitolea wa fizike tulikuwepo, tena mwanzoni tulikosea, ndiyo maana tumeomba nafasi katika ukurasa huu.

Ilikuwa Oktoba 2024, mvua zimekaribia. Katapila la kuchimba, lile lenye mkono mrefu na kijiko, lilikuwa linaleta mtaro wa bomba mpaka eneo letu. Akina mama walikuwa wanahesabu siku, maana foleni ya madumu huanza kabla jogoo hajawika. Jumatatu asubuhi dereva akawasha, mara geji ya joto ikapanda mpaka kwenye nyekundu, kengele ikalia, injini ikapunguza nguvu yenyewe. Akazima, akangoja, akawasha tena. Vilevile. Mtaro ukabaki wazi karibu na nyumba, watoto wadogo wakageuza kuuruka kuwa mchezo.

Msimamizi wa kazi hakutafuta mbali. Jumapili vijana watatu wa darasa letu walionekana wamekaa juu ya katapila. Basi ati ndio hao, wametia mchanga kwenye rejeta au wamekata waya. Wazazi wakaitwa, neno polisi likatajwa. Mama wa mmoja alitujia jioni akasema, "Mwalimu, dosiye yetu itakufa." Familia inayongoja kupelekwa nchi ya tatu inajua uzito wa maneno hayo. Na sisi tulifanya nini? Tuliwaambia vijana waungame tu, mambo yaishe. Tunaandika hivi kwa aibu.

Aliyetuamsha ni Papa mmoja jirani yetu, fundi wa zamani wa mashine za migodini kule Katanga. Aliomba ruhusa kuliangalia katapila, kisha akatuita. "Nyinyi mnafundisha fizike, si ndiyo? Basi mtanishikia tochi."

Kwanza alimwuliza dereva, "Geji ilipanda pole pole au iliruka?"

"Iliruka, Papa."

"Injini ilikuwa imefanya kazi muda gani?"

"Ndiyo kwanza nimewasha."

Papa akacheka. Injini imelala tangu Jumamosi, ina maji mengi ndani yake, itapataje homa kwa nukta moja? Joto la kweli hupanda ngazi moja moja. Linaloruka mara moja ni umeme.

Hata hivyo hakukimbilia nyaya. Kwa kuwa injini ilikuwa baridi, alifungua kifuniko cha rejeta. (Wazazi, waambieni vijana: ikiwa moto, usiguse kifuniko hicho. Maji yamebanwa mle kwa nguvu, yatakurukia usoni.) Maji yalikuwepo, safi, hayana mchanga wala oili. Fanbelti imekaza, mapezi ya rejeta hayajazibwa na udongo. Mchanga ukafa hapo. Waya uliokatwa ulikuwa bado unaishi.

Sensa ya joto ni kitu kidogo kuliko kidole gumba, kimefungwa penye maji ya injini, na nyaya mbili zinakwenda kwenye kompyuta ya mashine. Ndani yake kuna kipande kinachozuia umeme sana kikiwa baridi, na kidogo kikiwa cha moto. Kompyuta inatuma volti 5, inaangalia zimebaki ngapi, inajua joto. Tulikuwa tumechora mchoro wa namna hiyo ubaoni miaka miwili, na hatujawahi kushika testa mkononi! Papa alitugundua mara moja, tulivyoishika kinyume, lakini hakusema kitu.

Akachomoa plagi ya sensa, akamwambia dereva afungue swichi bila kuwasha injini. Geji ikabaki kwenye nyekundu.

"Mmeona? Sensa haipo na bado anasema moto. Mwongo si sensa."

Akapima sensa yenyewe kwa testa: kama omu 2,400, sawa kwa asubuhi ya baridi. Kisha akamgeukia msimamizi, na hapa ndipo tulipotamani vijana wawepo. Alisema, waya ukikatwa, umeme haupiti kabisa, na kompyuta inadhani injini imekuwa barafu. Geji ingelala chini. Ili ionyeshe moto mkali namna hii, waya lazima uwe unagusa chuma cha mashine. Kwa hiyo hakuna aliyekata. Tutafute panapogusa.

Swichi ikafungwa, betri ikachomolewa. Tukafuata nyaya kwa tochi mpaka nyuma ya injini. Huko kuna kibanio kinachozishika, mpira wake umeisha zamani, na mtikisiko ulikuwa umesugua nyaya kwenye chuma siku nyingi. Shaba ya mmoja ilikuwa nje, inang'aa. Papa akautikisa huku tunapima kati yake na chuma: namba zikaanguka karibu na sifuri, zikapanda, zikaanguka.

Dereva alipendekeza waukate kabisa achimbe, kazi imechelewa. Papa alikataa kwa ukali. Ukifanya hivyo mashine itajiona baridi siku zote, na siku maji yatakapovuja kweli hakuna atakayeambiwa, mpaka silinda hedi ipinde. Alifunga palipochubuka, akavalisha mpira, akahamisha kibanio. Injini ikawashwa. Geji ilipanda taratibu, ikatulia katikati. Saa nne katapila likaanza kuchimba.

Msimamizi alisema "sawa," akaondoka. Pole kwa vijana hakuitoa. Sisi tulikwenda kuitoa yetu nyumba kwa nyumba, na si nyumba zote zilitupokea vizuri.

Papa alitupa sensa kuukuu kutoka kwenye sanduku lake. Tuliitumbukiza kwenye sufuria ya mama muuza chai. Huku kwetu juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, kama 96 hivi, na testa ilishuka mpaka omu 210. Darasa zima lilisimama juu ya madawati, hata wale wa mwisho ambao huwa wanalala.

Vijana wawili walikuwepo. Wa tatu alikaa nyumbani wiki mbili zaidi. Tulikwenda kwao mara mbili. Mara ya pili tulikuwa na sensa mfukoni, na aliomba aishike.